MWENYE MUHURI SI MWENYE NCHI



Wako wanaotuambia kwamba mambo ya Meja Jenerali Mstaafu Gordon Kihalangwa ni mambo ya Nairobi, na kwamba sisi wa Bukhayo tuna shida zetu za kutosha: foleni ya malori Malaba, bei ya mahindi, na askari wadaio kitu kidogo kwenye njia za panya. Tunawajibu kwamba hakuna Wakenya wenye haki zaidi ya kuichunguza kazi ya mkuu wa Uhamiaji kuliko watu wa mpakani. Mwananchi wa Nyeri humwona afisa wa Uhamiaji siku ya kuomba pasipoti. Mwananchi wa Busia humwona hata anapokwenda ng'ambo kumzika shangazi yake.

Kwanza tutoe haki kwa mwenye haki. Bw. Kihalangwa alilitumikia jeshi hadi cheo cha Meja Jenerali, akastaafu, akakabidhiwa Idara ya Uhamiaji. Chini ya uongozi wake, mwaka wa 2017, Kenya ilianza kutoa pasipoti za kielektroniki. Hayo hatumnyimi. Lakini mtumishi wa umma hapimwi kwa mashine alizonunua. Hupimwa kwa namna alivyomtendea raia ambaye serikali ilimchukia.

Raia huyo alikuwa wakili Miguna Miguna, mzaliwa wa Kisumu, kiongozi wa wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Nairobi aliyeikimbia nchi mwishoni mwa miaka ya 1980, akapata hifadhi na uraia wa Kanada. Mwaka wa 2017 aligombea ugavana wa Nairobi. Januari 30, 2018 alisimama na Bw. Raila Odinga katika kiapo cha Uhuru Park. Februari 2 akakamatwa. Mahakama Kuu ikaamuru aachiliwe, kisha ikaamuru aletwe mbele yake. Badala ya kuletwa, usiku wa Februari 6 alipandishwa ndege na kutupwa nje ya nchi. Mahakama ikaamuru aruhusiwe kurejea. Aliporejea Machi 26, alizuiliwa katika uwanja wa ndege, kisha akasafirishwa hadi Dubai, amri za mahakama zikiwa bado mbichi.

Machi 29, 2018 Jaji George Odunga aliwatoza faini ya shilingi 200,000 kila mmoja Waziri Fred Matiang'i, Inspekta Jenerali Joseph Boinnet na Bw. Kihalangwa, ambaye wakati huo alikwisha kuwa Katibu wa Wizara, kwa kosa la kudharau mahakama. Desemba mwaka uo huo Jaji Chacha Mwita aliamua kwamba haki za Bw. Miguna zilivunjwa, akaamuru alipwe zaidi ya shilingi milioni 7. Hata hivyo Bw. Miguna hakukanyaga tena nchi yake hadi Oktoba 2022, utawala ulipobadilika. Katika muda huo Waziri alibaki wizarani, na Katibu alihamishiwa Kazi za Umma akiwa na cheo kile kile cha Ukatibu.

Serikali ilijitetea kwamba Katiba ya zamani haikuruhusu uraia wa nchi mbili, basi mtu huyu alikwisha kuupoteza uraia wake. Tuichukue hoja hiyo kwa uzito wake. Katiba ya 2010, kifungu cha 16, yasema raia wa kuzaliwa hapotezi uraia kwa kupata uraia wa nchi nyingine. Kifungu cha 39 kinampa kila raia haki ya kuingia na kukaa nchini. Na hata kama palikuwa na shaka juu ya miaka ya nyuma, ni nani mwenye kuikata shaka hiyo? Ni jaji, mchana, pande zote mbili zikisikizwa. Si afisa mwenye muhuri, usiku, ndege ikinguruma. Serikali iliyokuwa na uhakika wa hoja yake ingekimbilia mahakamani, wala isingeikimbia mahakama.

Wengine husema: yule ni askari, alitii amri. Jeshini amri hutoka kwa mkubwa. Katika ofisi ya umma mkubwa wa wote ni sheria, na aliyeapa kuilinda Katiba hana ruhusa ya kujificha nyuma ya simu iliyotoka juu.

Tazameni sasa unafiki wa mwezi ule. Februari 24, 2018, siku 18 tu baada ya raia kufukuzwa kwao, Rais Uhuru Kenyatta na Rais Yoweri Museveni walikuja hapa hapa Busia kufungua kituo cha pamoja cha mpakani. Mpaka ukafunguliwa kwa lori la saruji, huku Mkenya amefungiwa mlango wa nyumbani kwao. Nasi tulipiga vigelegele.

Sisi tulipaswa kukumbuka. Nchi hii yetu ilihesabiwa kuwa Uganda hadi mwaka wa 1902, wakoloni walipoihamishia upande wa pili kwa kalamu. Wakhayo, Wasamia na Wateso hawakuulizwa. Na Agosti 1990 waziri mmoja, marehemu Peter Okondo, alimwonya Askofu Alexander Muge wa Eldoret kwamba akikanyaga Busia huenda asitoke hai. Askofu alikuja Agosti 14, akawasalimu watu, na siku hiyo hiyo akafa barabarani akirudi. Hatuhitaji kuongeza neno juu ya kifo chake ili tuone kosa lililotangulia: mtu mwenye cheo alijiona ana mamlaka ya kuamua ni Mkenya gani aingie wilaya gani. Mwanzo wa ngoma ni lele. Aliyeweza kumfungia askofu wilaya, mrithi wake ataweza kumfungia wakili nchi nzima.

Na ngoma haijaisha. Julai 2024 wanachama 36 wa chama cha upinzani cha Uganda, FDC, walikamatwa Kisumu, wakafikishwa Kampala na kushtakiwa kwa ugaidi. Novemba 16, 2024 Dkt. Kizza Besigye alitekwa Nairobi, na siku nne baadaye akaonekana mbele ya mahakama ya kijeshi Kampala. Sheria inataka mtu anayehitajiwa na nchi nyingine afikishwe kwanza mbele ya hakimu wa Kenya. Ni hakimu gani aliyewasikiliza hawa? Na kama walivushwa kwa barabara, ni mlango gani uliofunguliwa, na muhuri ulikuwa mkononi mwa nani?

Waumini wanakumbuka Paulo kule Filipi. Alipigwa bila hukumu, kisha wakuu wakataka aondoke kimya kimya. Alikataa. Aliudai uraia wake, akataka waje wenyewe kumtoa gerezani. Kuidai haki ya uraia si kiburi wala si uasi.

Kwa hiyo tunadai haya:

1. Mtu yeyote asiondolewe nchini kabla ya kufikishwa mbele ya jaji na kuonana na wakili wake.

2. Afisa aliyepatikana na hatia ya kudharau mahakama asipewe wadhifa mwingine wa umma kabla ya kuitii amri aliyoidharau.

3. Fidia inayotokana na ukaidi wa afisa ilipwe kutoka mfukoni mwake, si kutoka kodi ya mama muuza samaki wa Busia.

4. Parokia na makanisa yote ya Busia na Malaba yaunde kamati za haki, ziandike tarehe, saa na nambari ya gari kila mtu anapovushwa kwa nguvu, na kumpasha habari wakili siku hiyo hiyo.

Tusingoje zamu yetu. Leo muhuri uko mkononi mwa mwingine, na kesho utakuwa mkononi mwa mwingine tena. Nchi itabaki kuwa yetu ikiwa tutawakumbusha wote watakaoushika kwamba sisi ndio tuliowaajiri.