Peremende, Githeri na Kitenzi "Kusababisha"

Mtoto umleavyo ndivyo akuavyo, walinena wahenga. Pengine ndiyo sababu madai kwamba chakula cha utotoni huamua tabia ya ukubwani hupokewa kwa mikono miwili, hata na wasomi, bila ya kuulizwa maswali yanayostahili.

Mnamo Oktoba 2009, watafiti wa Chuo Kikuu cha Cardiff, Uingereza, walichapisha katika British Journal of Psychiatry matokeo ya kuwafuatilia watoto zaidi ya 17,000 waliozaliwa mwaka wa 1970. Miongoni mwa waliokuwa wamepatikana na hatia ya ukatili kufikia umri wa miaka 34, asilimia 69 walikuwa wakila peremende na chokoleti karibu kila siku walipokuwa na miaka 10. Miongoni mwa wasiokuwa na hatia hiyo, walaji walikuwa asilimia 42. Tofauti hiyo si haba. Hata hivyo, anayeigeuza sentensi na kudai kwamba asilimia 69 ya walaji wa peremende huwa wakatili ameupotosha utafiti mzima. Wenye hatia walikuwa wachache mno. Maelfu walikula peremende zizo hizo na hawakushtakiwa kwa kumdhuru mtu.

Watafiti hao walizingatia baadhi ya masuala ya malezi na bado uhusiano huo haukutoweka. Wakakisia kuwa huenda mtoto anayepewa kitamu kila anapokitaka hajifunzi kusubiri. Yaani hata wao hawakuinyoshea sukari kidole moja kwa moja. Isitoshe, yamkini mtoto msumbufu ndiye anayenyamazishwa kwa peremende, hivyo tabia ikawa ndiyo chanzo cha mlo. Mama yeyote aliyewahi kusafiri kwa matatu na mtoto anayelia anaielewa hoja hii.

Hapa ndipo taaluma ya Kiswahili inapohusika. Mfasiri akiandika kuwa peremende "husababisha" ukatili, ametumia kitenzi chenye kauli ya kutendesha mahali ambapo ushahidi unaruhusu "huambatana na" au "huhusiana na" pekee. Mzazi akisoma "husababisha", amekwisha kuhukumiwa.

Utafiti uliofanyika Embu, nchini Kenya, kati ya 1998 na 2000 ni wa aina nyingine. Shule 12 za msingi ziligawanywa kwa kura. Wanafunzi wa kundi moja walipewa githeri yenye nyama, wa pili githeri na maziwa, wa tatu githeri iliyoongezwa mafuta, na wa nne hawakupewa chochote. Hakuna mzazi aliyechagua kundi la mwanawe. Kwa hiyo tofauti za malezi haziwezi kudaiwa kwa urahisi kuwa ndizo zilizoleta matokeo. Uwanjani, waliokula nyama walionekana kuchangamka na kuwaongoza wenzao michezoni kuliko wengine.

Kwa watoto wa Embu, basi, anayeandika kuwa nyama "iliwachangamsha" ana pa kusimamia, kauli ya kutendesha na yote. Mradi asikivushe kitenzi hicho nje ya ua wa shule: jaribio hilo lilipima michezo ya wanafunzi walioanzia darasa la kwanza, wala halikupima mienendo yao wakiwa na miaka 34.