Tumbo la Chini Lisingojwe Lipoe Lenyewe

Ni mara ngapi umemsikia mama akisema nyumbani, "Tumbo la chini linanisumbua, lakini litapoa"? Anajikanda kwa maji ya moto, anameza kidonge cha maumivu, na alfajiri yuko shambani au sokoni kama kawaida. Leo naomba tulizungumzie tumbo hilo.

Humo mwanamke ana mirija miwili ya uzazi, kila mmoja una urefu wa kama sentimita 10, na mahali pengine tundu lake ni jembamba mno. Ndani yake mna vinyweleo visivyoonekana kwa macho, ambavyo hulisukuma yai taratibu hadi kwenye kizazi. Vijidudu vya magonjwa ya zinaa kama klamidia au kisonono vikipanda mpaka huko, huijeruhi ngozi laini ya ndani ya mirija. Maambukizi baada ya kujifungua au mimba kuharibika huweza kufanya hivyo hivyo, na hata kidole tumbo kilichopasuka au kifua kikuu. Tena klamidia mara nyingi haitoi dalili yoyote.

Dawa huua vijidudu. Kovu haziliondoi.

Kovu hilo ndilo linalokuja kuonekana miaka baadaye. Mimba haishiki, na mama wa watu anaambiwa amerogwa. Au anabaki na maumivu ya nyonga yasiyokwisha. Daktari Lars Weström na wenzake wa Lund, Uswidi, waliwafuatilia wanawake waliougua maambukizi haya ya nyonga, yale wengi wetu tunayaita PID. Mwaka 1992 walitoa hesabu yao: kati ya waliougua mara 1, kama 8 katika kila 100 walikosa mtoto kwa sababu ya mirija. Kwa waliougua mara 2 walikuwa karibu 20 katika kila 100, na kwa waliougua mara 3 au zaidi, 40. Mnaona basi kwa nini nasema ugonjwa wa kwanza utibiwe ukaisha kabisa?

Baba, mkeo akirudi na dawa za maambukizi hayo, wewe umepimwa? Umepewa zako? Akimeza peke yake, mnaweza kuambukizana upya. Mezeni wote, mmalize dozi hata maumivu yakitulia siku ya pili, na msikutane kimwili hadi matibabu yaishe.

Nawe msimamizi wa kiwanda, mwalimu mkuu, mwenye duka: binti akiomba ruhusa ya kwenda zahanati, mpe. Hana haja ya kueleza ugonjwa wake mbele ya wenzake.

Mama mkwe, najua hamu ya mjukuu ilivyo. Badala ya kuuliza mwali ana nini, waombe wote wawili waende hospitali. Mwanamume apimwe mbegu, na mwanamke apigwe picha ya mirija kwa dawa inayoonyesha palipoziba. Hata mirija ikiwa imeziba, si lazima safari iishie hapo. Lesley Brown wa Uingereza alikuwa na mirija iliyoziba, na Julai 1978 alimzaa Louise, mtoto wa kwanza duniani aliyetungwa maabara. Huduma hiyo imeshafika Afrika Mashariki, ingawa bei yake bado inatuumiza wengi.

Nimeacha hili la mwisho kwa makusudi, kwa sababu halina subira. Mrija wenye kovu unaweza kulinasa yai lililokwisha kurutubishwa, mimba ikatunga nje ya kizazi, kisha mrija ukapasuka na damu ikamwagikia tumboni. Hedhi imechelewa, tumbo linauma upande mmoja, damu inatoka kidogo kidogo, kizunguzungu, pengine maumivu juu ya bega? Hiyo ni safari ya hospitali saa hiyo hiyo.

Je, nyumbani kwako mna namba ya dereva wa bajaji au bodaboda anayepokea simu usiku wa manane? Itafuteni leo, muiandike ukutani, na kila mtu wa nyumba aijue.