Mkwaruzo wa Gari Usikwaruze Nyumba



Baada ya kumhimidi Allah na kumtakia rehema na amani Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), wiki hii tumeona tuzungumzie jambo ambalo huenda likaonekana dogo mno kwa safu hii: mkwaruzo katika rangi ya gari. Tumelichagua kwa sababu ugomvi mwingi tunaoletewa kuusuluhisha hauanzi na makubwa. Huanza na mstari mwembamba mlangoni mwa gari, na usipotulizwa huishia pabaya.

Kwanza tuseme haki. Si aibu mtu kulipenda gari lake. Wengi wamelipata kwa kudunduliza miaka, na wengine bado wanalilipia. Katika Hadithi aliyoipokea Ibn Hibban kutoka kwa Saad bin Abi Waqqas, Mtume (S.A.W.) ametaja mambo manne yanayomletea mtu furaha: mke mwema, nyumba yenye nafasi, jirani mwema na kipando cha starehe. Basi gari limo katika neema hizo, na neema hutunzwa. Lakini tuitazame hesabu hiyo vizuri. Mwenye kumvunjia mkewe heshima na kukatana na jirani yake kwa sababu ya mkwaruzo, ametoa mawili katika yale manne ili ailinde ngozi ya moja.

Na ngozi yenyewe ina matabaka. Mafundi wa rangi watakueleza kwamba juu ya bati hupakwa praima, kisha rangi, kisha tabaka angavu linalolipa gari mng'aro wake. Ukiona alama, osha pahali hapo, kausha, kisha pitisha ukucha. Usiponasa, mara nyingi kilichoguswa ni lile tabaka la juu tu, na polishi huweza kuiondoa. Ukinasa, mkwaruzo umeingia ndani zaidi na huenda ukahitaji rangi. Bati likionekana, usikawie, kwani hewa yetu ya chumvi hapa pwani huharakisha kutu. Pahali hapo pasafishwe, pazibwe kwa praima na rangi ya kufanana. Ama bampa, nyingi za siku hizi ni za plastiki, nazo hazishiki kutu. Hayo ndiyo madhara kwa kipimo chake. Hakuna hata moja kati ya hayo linalotibiwa kwa matusi.

Pili ni haki ya mali. Anas bin Malik amesimulia kwamba Mtume (S.A.W.) alikuwa kwa mmoja wa wakeze, na mwengine akamletea chakula kwa mkono wa mtumishi. Mwenye nyumba akaupiga mkono ule kwa wivu, sahani ikaanguka ikavunjika. Mtume (S.A.W.) akaviokota vipande, akakikusanya chakula, akawaeleza waliokuwapo kwamba mama yao ameshikwa na wivu. Kisha akatoa sahani nzima iliyokuwamo nyumbani ikapelekwa kwa mwenyewe, na iliyovunjika ikabaki pale. Tazameni: mwenye haki alilipwa, na aliyevunja hakudhalilishwa.

Kwa hivyo, aliyekwaruza gari la mwenziwe asitoroke kwa kuwa hapakuwa na shahidi. Amngoje mwenyewe, au amwachie jina na nambari ya simu. Na mwenye gari asidai rangi ya gari zima kwa alama ya mlango mmoja, wala asimtoze msukuma mkokoteni zaidi ya hasara halisi kwa kuwa hana wa kumtetea. Akiweza kusamehe, malipo yake yako kwa Allah. Mtoto akikwaruza, haandikiwi dhambi, ingawa haki ya mwenye mali haipotei. Mzazi azungumze na mwenye gari, na mtoto afunzwe bila ya kutishwa. Nasi, watoto wetu wakikoma kuja mbio mlangoni tunaporudi kwa kuogopa wasije wakaligusa gari, tumeingia hasara isiyokuwa na fundi.

Tatu, na hili ndilo lililotufanya tushike kalamu. Tumeletewa suala, na hatutaji mtu wala mtaa. Mke alirudisha gari nyuma likagusa ukuta. Mume alipoiona rangi imetoka akasema: "Ukiliendesha tena, nimekuacha." Baada ya siku kadhaa mtoto wao akapandwa na homa kali usiku, na baba yake yuko safarini. Yule mama akasimama na ufunguo mkononi, asijue kama akiliwasha gari anamwokoa mwana au anaivunja ndoa. Alhamdulillah, jirani aliamka akawapeleka hospitali.

Ndugu zetu, katika madhehebu ya Imam Shafi, ambayo wengi wetu mwambao huu tunayafuata, talaka iliyofungwa na sharti huanguka sharti likitimia, wala haiondoki kwa kusema tu kwamba ulikuwa na hasira. Aliyekwisha kutamka neno la namna hiyo asijifutie mwenyewe. Amwendee kadhi au mwanachuoni amweleze kila kitu. Na ambaye hajatamka, auzuie ulimi wake. Wazee walisema hasira hasara, na hasara hii haipimwi kwa shilingi.

Mtume (S.A.W.) alikuwa na ngamia jike akiitwa Al-Adhbaa, asiyeshindwa mbio. Siku moja bedui akaja na ngamia wake akampita, jambo likawa zito kwa Waislamu. Mtume (S.A.W.) akawafahamisha kwamba hakuna kinachoinuka katika dunia hii ila Allah hukishusha. Gari jipya nalo lina siku yake ya mkwaruzo wa kwanza. Siku hiyo ikifika, mkeo au mwanao akikupigia simu kukwambia, neno lako la mwanzo liwe: "Mmeumia?" Habari za rangi zingoje mpaka asubuhi, fundi afungue gereji.

Allah atubarikie vipando vyetu, azihifadhi nyumba zetu na ndimi zetu. Amin.

Wabillahi tawfiq.