Eti kusini hatuna cha kale!

Leo nimekuja na hasira zangu.

Jana rumu nzima tulikuwa tunaangalia picha za lile daraja la mawe la Mostar, kule Bosnia. Upinde mmoja tu juu ya korongo la mto Neretva, wa mwaka 1566, enzi za Waturuki. Novemba 1993 likapigwa mizinga likaangukia mtoni. Wenyewe wakagoma kulizika: wapiga mbizi wakaopoa mawe, mafundi wakachonga mengine, 2004 likafunguliwa tena. Safi sana, hata mimi nilisifia. Ndipo mshkaji mmoja akanigeukia: "Sasa nyie wa Kiegei mna nini cha kale zaidi ya korosho?"

Kaka, kaa chini. Waingereza walipoanzisha mpango wao wa karanga mwaka 1947, walijenga na reli kutoka pwani hadi Nachingwea. Karanga zikawashinda, 1951 wakafuta hasara ya pauni zaidi ya milioni 36. Mwanzoni mwa miaka ya 1960 reli nayo ikafungwa, vyuma vikang'olewa. Mtasema haikuwa na mzigo. Sawa, sibishani na mahesabu. Ila kusini tukabaki na vumbi, na pantoni ya Rufiji ambayo masika ilikuwa inakukwamisha mpaka chakula cha safari kinaisha, hadi Daraja la Mkapa lilipofunguliwa 2003!

Wenzetu wanaopoa mawe mtoni, sisi tunang'oa. Na msiniambie eti ni mali ya mkoloni, kwani Mostar walijengewa na nani? Babu zetu ndio walifyeka pori lile na kubeba mataruma. Hata Farm 17, walipojifunzia vita wapiganaji wa FRELIMO, jina lake limetoka kwenye mashamba hayohayo ya karanga.

Sasa soma Sheria ya Mambo ya Kale ya 1964: jengo linahesabika la kale likiwa la kabla ya 1863. La baada ya hapo linasubiri waziri alitangaze. Kwa hiyo leo mtu akichota kokoto za tuta la reli akajengee choo, nani atamuuliza?

Mwenye picha ya babu yake kwenye reli ile aniletee niiskani, hata kama imeliwa na mchwa. Nipo Hall hadi Ijumaa.