Msiniambie Ningoje Mtoto Akue

Kila nikisema ninaandika kitabu cha maisha yangu, watu hunipa ushauri mmoja: ngoja mtoto akue. Shangazi ameniambia. Jirani wa ploti ameniambia. Hata waandishi wenzangu wameniambia, tena kwa upole. Nimechoka na huo upole.

Naishi Daraja Mbili, hapa Kisii, chumba kimoja, mimi na binti yangu wa miaka miwili. Sina digrii, niliacha chuo mwaka wa pili nikiwa na mimba ya miezi mitano. Kinachotulisha ni kuandikia wanafunzi wa ng'ambo insha zao, kwa akaunti ya kukodisha. Ndiyo, mimi niliyeshindwa kumaliza chuo ndiye ninayewamalizia wengine. Nimeandika kuhusu uuguzi, historia ya Marekani, hata falsafa. Jina langu halipo popote.

Sasa tazameni. Kazi ya mteja ikiingia saa nne usiku na makataa ni alfajiri, hakuna anayeniambia ningoje mtoto akue. Mama yangu, ambaye Jumatatu na Alhamisi huamka saa kumi kupeleka ndizi sokoni, humfunga mjukuu mgongoni bila kuulizwa. "Mwache mama yako afanye kazi," humwambia. Lakini nikimwomba anishikie mtoto nimalize sura ya kitabu changu, huniuliza: "Na hiyo inalipa?" Saa ni zile zile. Simu ni ile ile iliyopasuka kioo. Mtoto ni yule yule. Kilichobadilika ni mwenye maneno tu.

Basi msiniambie shida ni mtoto. Shida ni kwamba uandishi wangu ni kazi ukiwa wa mtu mwingine, na ni mchezo ukiwa wangu.

Mama simlaumu. Yeye anajua kazi ni kitu kinacholeta unga. Ninaowalaumu ni nyinyi mnaosoma vitabu. Ngũgĩ wa Thiong'o aliandika riwaya kwenye karatasi za choo akiwa kizuizini Kamiti mwaka wa 1978, na kila mwaka tunalisimulia jambo hilo kwa heshima. Inafaa. Hatusemi angengoja atoke kwanza. Tunaelewa kwamba mtu akibanwa huandika kwa kilichopo. Mbona mama akiandika kwa kilichopo, mtoto akinyonya, kidole gumba kimoja kwenye simu, mnasema hajajipanga?

Kama mnataka mfano wa mama, upo, tena wa pwani yetu. Sayyida Salme, binti wa Sultani Said, alitoroka Unguja mwaka wa 1866, akaolewa na mfanyabiashara Mjerumani, akawa Emily Ruete. Mwaka wa 1870 mumewe alikufa kwa ajali ya tramu huko Hamburg, akamwachia watoto watatu wadogo katika nchi ya ugeni. Kumbukumbu zake zilichapishwa Berlin mwaka wa 1886, lakini alianza kuziandika miaka mingi kabla, watoto wakiwa bado wadogo. Alieleza mwenyewe kwamba alikuwa amechoka mwili na akili, hakutarajia kuishi hadi wawe watu wazima, na alitaka wajue mama yao alikotoka. Hakungoja wakue. Aliandika kwa sababu hawajakua.

Grace Ogot alizaliwa mwaka wa 1930, na hadithi ya maisha yake ikachapishwa mwaka wa 2012. Miaka mitatu baadaye akafariki. Nashukuru aliwahi. Ni akina mama wangapi hawakuwahi?

Wengine hunishauri nitafute mizani kati ya ulezi na uandishi. Mizani gani? Sokoni kwetu ndizi huuzwa kwa mkungu, maharagwe kwa gorogoro, avokado kwa fungu. Muuzaji huongeza hapa, hupunguza pale, na jioni anajua amepata nini na amepoteza nini. Hivyo ndivyo ninavyoishi. Wiki nikimaliza sura, maharagwe huungua na mtoto hutazama katuni kuliko inavyofaa. Wiki akiwa na homa, siandiki hata neno. Sitawadanganya kwamba hakuna anayelipa. Nasema tu kwamba nikiacha kuandika pia kuna anayelipa, ila huyo hamumhesabu.

Lakini sababu yangu kubwa ni hii. Juzi nilimsomea mama sura ya siku niliyorudi nyumbani na tumbo. Niliogopa. Yeye ndiye aliyewahi kuniambia mambo ya nyumbani hayapelekwi sokoni. Katika sura hiyo niliandika kwamba alilia kwa aibu ya mimba. Alinyamaza, akaendelea kuchambua managu, kisha akasema, "Umekosea. Sikulia kwa sababu ya mimba. Nililia kwa sababu ya ng'ombe."

Ng'ombe yupi? Ndipo nikajua. Aliuza ng'ombe wake wa maziwa kulipa karo yangu, na hakuwahi kuniambia. Kwa miaka mitatu nilibeba aibu ambayo hata haikuwa yake.

Ningengoja binti yangu afike miaka kumi na minane, ningemuuliza nani habari za ng'ombe huyo? Mama ana presha. Soko la mvua na baridi halimwachi mtu mzima. Kumbukumbu za mama mwenye mtoto mdogo haziko kichwani mwake peke yake; nusu iko kwa watu wanaozeeka.

Kwa hivyo wenye warsha, wekeni mkeka pembeni, watoto waje. Wahariri, mkituomba hadithi zetu, lipeni, maana nyumbani kwetu neno lililoleta unga halihojiwi tena. Na wewe mama unayesoma haya usiku, mtoto amekulalia mkono, anza na sura ambayo mwenye kujua ukweli wake bado yuko hai. Msomee. Akubishie. Andika upya.

Binti yangu atakua, Mungu akipenda. Siku akiniuliza alikuja vipi duniani, nataka nimpe kitabu, na ng'ombe awe ndani yake.