BARUA YA BWANA SHAMBA: Meli Iliyopita Manyoni

Mwezi huu siandiki juu ya mbolea wala wadudu. Ninaandika juu ya meli. Najua utacheka. Utasema, "Bwana Shamba wa Singida na meli, wapi na wapi?" Ni kweli mkoa wetu hauna bahari. Tuna Singidani na Kindai, maziwa ya maji ya chumvi. Lakini soma mpaka mwisho. Utaona kuwa meli na shamba ni jirani.

Mwaka 2014 alizeti yangu ilikubali. Nilipouza, nilimwambia mama watoto, "Nataka kuwapeleka watoto Kigoma wakaone meli ya Liemba." Mama watoto alinyamaza kidogo. Kisha akasema, "Baba, plau limekufa, nawe unataka kuona meli?"

Alisema kweli. Mwisho wa mwaka 2013 mvua za kwanza zilinyesha vizuri. Nilitoa plau langu nyuma ya nyumba. Lilikuwa limelala nje tangu msimu uliopita. Kutu ilikuwa imelila. Udongo ulinata kwenye chuma na haukugeuka. Nati zilikataa kufunguka. Nilitafuta plau la kuazima siku tisa, na siku hizo tisa majirani walikuwa wanapanda. Mimi, Bwana Shamba, niliyewafundisha kutunza zana! Niliona aibu kupita njiani.

Basi tukakubaliana. Sehemu ya fedha itengeneze plau, na sehemu iwe nauli. Tulikwenda Manyoni tukapanda treni, daraja la tatu, mimi, mama watoto, binti yetu na mdogo wake wa kiume. Tulibeba ugali, kuku wa kukaanga, karanga na dumu la maji. Tulipita Itigi, Tabora na Uvinza. Safari ni ndefu, lakini watoto hawakuchoka dirishani.

Kigoma tuliliona Ziwa Tanganyika. Kijana wangu aliuliza kama linazidi Singidani. Nilimwambia kuwa urefu wake ni zaidi ya kilometa 600. Kina chake ni karibu meta 1,470, na duniani limezidiwa kina na ziwa moja tu, Baikal la Urusi. Akarudi nyuma hatua mbili.

Meli ilikuwa imefunga gatini. Tuliomba ruhusa, tukaruhusiwa kupanda. Ina urefu wa meta 71 hivi. Binti yangu aliuliza, "Chuma hiki chote kinaeleaje?" Mama yake alimjibu upesi kuliko mimi: "Sufuria tupu ukiiweka juu ya maji huelea. Ukiijaza maji huzama. Meli ni sufuria kubwa." Hakuna mwalimu angeeleza vizuri zaidi.

Fundi mmoja mtu mzima alituonyesha mitambo, akatusimulia habari zake. Ninakuandikia kwa ufupi.

Meli hii ilijengwa na Wajerumani mwaka 1913, kwenye mji wa Papenburg. Ilipokwisha kujengwa, ilifunguliwa yote vipande vipande. Vipande vilitiwa katika masanduku yapatayo 5,000 na kuletwa Dar es Salaam. Kutoka hapo vilisafirishwa kwa reli ya kati, ambayo ilifika Kigoma mwaka 1914. Hapo kijana wangu alidakia, "Reli hii hii yetu? Basi meli ilipita Manyoni!" Ndiyo. Ilipita Manyoni na Itigi ikiwa ndani ya masanduku.

Huko Kigoma fundi Anton Rüter na wenzake wawili kutoka Ujerumani, pamoja na Waafrika wengi, waliiunga tena. Iliingia majini Februari 1915. Wakati huo Vita Kuu ya Kwanza ilikuwa inapiganwa. Meli ikafanywa manowari, yaani meli ya vita. Ilipewa mzinga kutoka manowari nyingine, Königsberg, iliyoangamia katika mto Rufiji Julai 1915. Nao Waingereza walileta mashua mbili za vita kutoka Afrika ya Kusini kupitia Kongo. Milimani zilikokotwa na magari ya mvuke na ng'ombe. Mnaona, ndugu zangu wafugaji? Hata katika vita ya meli, ng'ombe alifanya kazi.

Mwaka 1916 Wajerumani walishindwa, ikawabidi waiache Kigoma. Hawakutaka adui aipate meli. Basi tarehe 26 Julai waliizamisha wenyewe, karibu na mahali mto Malagarasi unapoingia ziwani. Lakini kabla ya kuizamisha, mafundi walipaka mitambo grisi nzito kila mahali. Walitumaini kuirudia siku moja.

Hawakuirudia. Wabelgiji waliiinua baada ya vita, lakini ilizama tena. Mwaka 1924 Waingereza waliiinua. Walipofungua mitambo, walikuta bado inafaa! Chuma kilikaa majini miaka mingi, na grisi ilikilinda. Mwaka 1927 meli ilianza kazi tena, ikaitwa Liemba. Hilo ni jina la zamani la ziwa lenyewe kwa watu wa upande wa kusini. Mitambo ile ya mvuke ilifanya kazi mpaka miaka ya 1970, ndipo ikawekwa ya dizeli.

Fundi alipomaliza, binti yangu alinitazama. Alisema, "Baba, meli ilizama ziwani na haikuharibika. Plau letu halikuzama popote. Mbona liliharibika?"

Ndugu msomaji, sikuwa na jibu. Fundi alicheka. Mama watoto hakucheka, alinitazama tu. Nilitamani mimi ndiye nizame.

Jambo jingine lilinigusa. Zamani meli hii iliitwa Graf von Götzen. Huyo Götzen alikuwa gavana wa Wajerumani hapa kwetu, mwaka 1901 hadi 1906. Katika utawala wake Vita vya Majimaji vilizimwa kwa kuchoma mashamba na maghala ya chakula. Watu wengi sana walikufa, na njaa iliua kuliko risasi. Baadaye, katika Vita Kuu, wazee wetu wengi walichukuliwa kuwa wapagazi wa pande zote mbili. Wengi hawakurudi. Niliwaambia watoto, "Jina la mkoloni liliondoka. Chuma kimebaki, sasa kinawatumikia wananchi."

Na kweli kimewatumikia. Vijiji vingi vya kando ya ziwa havikuwa na gati. Meli ilisimama mbali kidogo, na watu walipanda na kushuka kwa mitumbwi, pamoja na dagaa wao, mananasi na mahindi. Mwaka 1997 ilisaidia kuwarudisha wakimbizi kwao Zaire, ambayo mwaka huo huo ilirudia jina la Kongo. Mwaka 2015 iliwachukua wakimbizi wa Burundi kutoka Kagunga hadi Kigoma. Meli iliyofanywa manowari imeokoa maisha.

Miaka michache baada ya safari yetu, meli ilisimamishwa kungoja matengenezo makubwa. Ukitaka kwenda, uliza kwanza. Uliza pia siku za treni. Weka akiba mapema baada ya mavuno, wala usiuze mbegu wala chakula cha nyumbani kwa ajili ya matembezi.

Tuliporudi nyumbani, kazi ya kwanza ilikuwa plau. Watoto walisugua kutu kwa mchanga na brashi ya waya. Nilinunua nati mpya. Tangu siku hiyo, kila msimu ukiisha tunafanya hivi:

1. Tunaosha udongo wote na kukausha plau juani.
2. Tunakaza au kubadili nati zilizolegea.
3. Tunapaka grisi au oili chafu kwenye chuma chote, hasa ubao unaogeuza udongo.
4. Tunaweka plau ndani, juu ya mbao, lisiguse ardhi.

Kazi hii haimalizi hata nusu siku. Mwaka huo mvua zilipokuja, tulilima siku ile ile. Mama watoto alishika mkia wa plau, akaniambia, "Nauli imerudi."

Ndugu msomaji, Wajerumani wale walipaka grisi mitambo wasiyojua kama wataiona tena. Wewe unajua mvua zitakuja. Toka nje sasa hivi ukaangalie plau lako limelala wapi.

Ni mimi, Bwana Shamba wenu.

Maswali ya kuzungumza katika kikundi:
1. Kwa nini mitambo ya meli haikuharibika majini?
2. Zana gani za kijiji chenu zinalala nje? Nani atazitunza?
3. Je, wazee wenu wanakumbuka habari za wapagazi wa vita? Waombeni wawasimulie, kisha ziandikeni.