Safari ya Masomo na Swali la Fomu



Mama mmoja wa Kakamega, mwenye jamaa zake huku kwetu Mombasa, ametuletea barua. Binti yake, aliyehitimu Chuo Kikuu cha Masinde Muliro, hutumia kiti cha magurudumu. Sasa amepata nafasi ya shahada ya uzamili nchini Uingereza. Katika fomu alizoletewa mna swali: je, una ulemavu unaohitaji msaada? Baadhi ya jamaa wanamshauri asijibu, asije akanyang'anywa nafasi. Mama anauliza: huko si kujisitiri?

Mama yetu, hofu yako tunaifahamu. Wapo wengi waliofungiwa milango kwa sababu ya miguu, macho au masikio yao. Hata hivyo, sitara ni kufunika aibu, na hapa hapana aibu ya kufunikwa. Wahenga walinena: mficha maradhi, kilio humfichua. Ulemavu si maradhi, lakini funzo ni lile lile. Kitakachofichwa katika karatasi kitadhihiri mlangoni pa bweni, usiku wa kwanza, ambapo chumba kipo ghorofa ya tatu na lifti hakuna.

Sheria ya Usawa ya Uingereza ya mwaka 2010 inakataza chuo kumbagua mwanafunzi kwa ulemavu wake, na inakilazimisha kufanya marekebisho yanayofaa: chumba chenye mlango mpana, ukumbi wa masomo unaofikika, muda wa ziada wa mtihani. Lakini chuo hakiwezi kuandaa kisichokijua. Vyumba vya namna hiyo ni vichache, na aliyetangulia kuomba ndiye hupata. Basi binti na ajibu, kisha aiandikie ofisi ya wanafunzi wenye ulemavu, naye aombe jibu la maandishi.

Ama kuhusu fedha, hapa ndipo wengi hujikwaa. Ruzuku ambayo serikali ya Uingereza huwapa wanafunzi wenye ulemavu ni ya wakaazi wake. Mgeni mwenye viza ya mwanafunzi haipati. Ada ya afya inayolipwa pamoja na viza, pauni 776 kwa mwaka, humpa matibabu. Haimlipii mtu wa kumsaidia kuoga na kuvaa. Ikiwa binti anahitaji msaidizi, suala la nani atamlipa litatuliwe kabla ya karo kulipwa. Wanaosomea kwa ufadhili wa Jumuiya ya Madola au wa DAAD wa Ujerumani wanaweza kuomba nyongeza kwa gharama zinazotokana na ulemavu. Hiyo nayo haitolewi kwa aliyenyamaza.

Tuje sasa kwenye safari yenyewe, ambayo kwa hakika huanzia nyumbani. Kwa viza hii, alama za vidole na kipimo cha kifua kikuu hufanywa Nairobi. Miadi hiyo miwili ipangwe katika safari moja, na kabla ya kuondoka apigiwe simu mhusika wa kila jengo, aulizwe kama pana lifti na njia ya magurudumu. Pia daktari wa hospitali ya serikali aandike barua kwa Kiingereza, ieleze hali yake na dawa anazotumia. Kadi ya Baraza la Kitaifa la Watu Wenye Ulemavu aichukue, lakini asiitegemee peke yake, kwani ng'ambo haijulikani.

Kutoka Kakamega hadi uwanja wa ndege wa Kisumu ni mwendo wa kilomita hamsini hivi. Siku hiyo ikodiwe gari. Si siku ya kujadiliana na kondakta juu ya nauli ya kiti. Shirika la ndege lijulishwe siku ile ile ya kukata tiketi, na kwa uchache saa 48 kabla ya kuruka. Liambiwe uzito na vipimo vya kiti, na kama kina betri, ni ya aina gani. Binti aombe kubaki katika kiti chake hadi mlangoni pa ndege, na kipigwe picha kabla ya kukabidhiwa wapakiaji, ili kikivunjika pawe na ushahidi. Chaja haitamsumbua, kwa kuwa soketi za Uingereza ni za pini tatu kama zetu.

Wala binti huyu si wa kwanza. Taha Hussein wa Misri, aliyepoteza uwezo wa kuona akiwa mtoto mdogo, alikwenda Ufaransa mwaka 1914 na akapata udaktari wa Sorbonne kwa utafiti juu ya Ibn Khaldun. Alihitaji mtu wa kumsomea vitabu, na akampata: Suzanne, ambaye baadaye akawa mkewe. Mwaka 1950 Taha Hussein akawa waziri wa elimu wa nchi yake. Asingefika huko kwa kujifanya anaona.

Neno la mwisho, mama. Katika barua yako umetueleza wasemavyo shangazi, mjomba na jirani. Hukutueleza asemavyo binti. Mwulize, kisha mwachie kalamu aijaze fomu kwa mkono wake. Huko aendako atalazimika kujisemea kila siku. Na aanzie nyumbani, wewe ukiwa kando yake.

Wabillahi taufiq.